Mlumbi na Kibao cha Nta

Katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri ikatoka mwaka 1963, kisha akaipitia upya ikatoka tena 1969, Mark Antony anasimama kando ya maiti ya Kaizari na kuwaambia watu wa Roma kwamba yeye si mlumbi. Fundi wa maneno ni Brutus, anasema. Yeye ni mtu wa kawaida tu, anaeleza yale ambayo kila mmoja wao anayajua. Haupiti muda, umati uleule unakimbia na mienge kwenda kuchoma nyumba za watu. Niliposoma tukio hilo shuleni nilimwamini Antony. Ilinichukua miaka kutambua kwamba kule kujishusha ndiko kilele cha ufundi wake.

Maneno ni ya Shakespeare, ila ufundi ni wa zamani zaidi. Babu yake Antony wa kweli, naye akiitwa Marcus Antonius, alikuwa mmoja wa mawakili wakubwa wa Roma karne moja kabla ya Kristo, na sifa yake ilikuwa hiyohiyo. Alisimama mahakamani kama mtu aliyetoka nyumbani bila kujiandaa, kumbe amejiandaa kiasi kwamba waamuzi ndio waliokutwa hawana kinga. Warumi waliamini kwamba hotuba ikionyesha jasho lake, msikilizaji huanza kujihadhari. Kwa hiyo jasho lilifutwa kabla ya kutoka nje. Mimi ninalolipenda ni hilo jasho, na ningependa kulifuata tangu mteja anapobisha hodi hadi msemaji anapofungua kinywa.

Bahati yetu ni kwamba mmoja wa mafundi hao aliandika kila kitu. Quintilian alizaliwa Calagurris, nchini Hispania, yapata mwaka 35 B.K., akafundisha balagha mjini Roma kwa miaka 20. Chini ya Kaisari Vespasian akawa mwalimu wa kwanza wa fani hiyo kulipwa na hazina ya dola, sesterce 100,000 kwa mwaka. Alipostaafu akakaa kuandika Institutio Oratoria, vitabu 12 vinavyomchukua mlumbi tangu akiwa mtoto wa kunyonya, kwani Quintilian anajali hata matamshi ya yaya. Mtoto apewe herufi zilizochongwa kwa pembe za ndovu azichezee. Kisha apewe ubao uliochimbwa maumbo ya herufi, apitishe kalamu ndani ya mifereji hiyo mpaka mkono uzoee njia. Asichapwe. Quintilian anakataa kiboko waziwazi, katika zama ambazo karibu kila darasa lilikuwa nacho, na hoja zake ni za mtu aliyewatazama watoto kwa muda mrefu: fimbo ni fedheha, haimrekebishi aliye mkaidi, na haina kazi pale mwalimu anaposimamia masomo vizuri.

Tuseme mtoto huyo amekua, ni wakili, na asubuhi moja mtu amekuja na kesi.

Kazi ya kwanza ni kunyamaza. Quintilian anamtaka wakili atenge siku na mahali, asiwe na haraka, amwache mteja aeleze kwa urefu anaoutaka, hata akianzia kwa babu yake. Kusikia ya ziada hakuleti madhara, kukosa la lazima ndiko kunakoua kesi. Na mara nyingi, anasema, jeraha na dawa yake vyote hupatikana katika lile jambo dogo ambalo mteja mwenyewe aliliona si kitu. Mteja akimaliza, arudishwe mwanzo. Aeleze mara ya pili, na ikibidi ya tatu, kwa sababu mtu huweza kusahau, na huweza pia kumdanganya wakili wake kama anavyodanganya mbele ya mwamuzi. Baada ya hapo wakili abadilike: aanze kumbana, amuulize kama adui atakavyomuuliza. Hati asiletewe muhtasari wake, azisome zote mwenyewe. Humo ndimo atakamokuta uzi unaofunga kibao cha hati umekatika, au muhuri umechezewa, au mahali pa mashahidi pako wazi.

Antonius alikuwa na desturi yake, na Cicero, mlumbi mwingine wa Roma, aliihifadhi katika kitabu alichoandika mwaka 55 K.K. Alimsikiliza mteja faraghani, wawili tu, ili aseme bila kuogopa masikio ya watu. Halafu yeye Antonius akashika upande wa adui na kuutetea, mpaka mteja apandwe na hamu ya kubisha na kutoa yote aliyokuwa nayo. Mteja akishaondoka, Antonius alibaki chumbani akawa watu watatu: akajisemea mwenyewe, akasema kama mpinzani, akasikiliza kama mwamuzi. Kila mmoja alipewa zamu yake kwa haki. Mtu mzima peke yake ndani ya chumba, akijipinga bila kujipendelea. Katika fani yote hii sioni zoezi gumu kuliko hilo.

Sasa kesi iko mezani, lakini hakuna kilichoandikwa bado. Kinachotafutwa ni mahali hasa ambapo pande mbili zinagongana. Mgiriki mmoja, Hermagoras wa Temnos, aliyapanga maswali yake katika karne ya 2 K.K., na Warumi waliyachukua kama seremala anavyochukua timazi ya bwana wake. Je, jambo lilitendeka? Kama lilitendeka, liitweje? Kama jina linajulikana, je, lilikuwa na haki? Mfano wanaoupenda ni huu. Mtu ameiba fedha hekaluni. Fedha zenyewe si za mungu, ni za raia aliyeziweka pale kwa usalama. Mshtakiwa hakatai kwamba alizichukua, kwa hiyo swali la kwanza limekufa, na wakili anayeendelea kulipigania anapoteza pumzi. Ugomvi wote uko kwenye swali la pili: huu ni wizi wa kawaida, au ni kukufuru hekalu? Kila jina lina adhabu yake. Fundi asiye mzoefu angetumia usiku kucha kutafuta maneno ya kuamsha huruma. Huyu anatumia usiku huo kulipima neno moja.

Mpangilio haunishangazi sana, kwani hata sisi tunaufuata tukitoa hotuba ya harusi: utangulizi wa kupata masikio, masimulizi, hoja, kumjibu mpinzani, na mwisho wa kuugusa moyo. Lipo jambo moja ambalo nimelichukua na kulitumia mwenyewe. Hoja zenye nguvu zisimame kila moja peke yake, ionekane. Hoja dhaifu zikusanywe pamoja, kwa kuwa moja moja hazina uzito, ila zikimwagika kwa wingi zinapiga kama mvua ya mawe hata kama si radi. Na mahali pa zile dhaifu ni katikati, kama alivyofanya Nestor katika tenzi za Homer alipowapanga wapiganaji wake.

Ndipo kibao kinafunguliwa.

Ni mbao mbili zilizounganishwa kwa uzi au waya, kila moja imechimbwa katikati ikaachwa kingo, na ndani ya shimo hilo imemwagwa nta kwa utando mwembamba, mara nyingi nta nyeusi. Kalamu yake ni ya chuma, shaba au mfupa. Ncha moja ni kali, ya kukwaruza herufi. Ncha ya pili ni bapa, ya kusawazisha nta ili yaliyoandikwa yafutike. Waliita chombo hiki stilus, na kutokana nacho lugha nyingi za Ulaya zimepata neno la mtindo wa mwandishi. (Neno letu kalamu nalo ni jamaa wa mbali wa meza hiyohiyo: tulilipata kwa Waarabu, waliolitoa kwa Wagiriki, na Warumi nao kutoka kwa Wagiriki hao waliita calamus tete la kuandikia kwa wino.) Kwa Kilatini, kuigeuza stilus maana yake ilikuwa kufuta, na Quintilian anaihesabu ile ncha bapa kuwa na kazi sawa na ile kali.

Anaeleza kwa nini anapendelea nta. Tete lazima lichovywe kwenye wino kila mara, na kila likichovywa mkono unasimama, na wazo lililokuwa mbioni linajikwaa. Wenye macho dhaifu watumie ngozi, watavumilia kuchovya. Kurasa zinazoelekeana na maandishi ziachwe tupu, kwa sababu la kuongeza huja bila kutarajiwa, na likikosa nafasi mtu hulipuuza au hulibana mpaka linaharibu lililopo. Nta isiwe pana mno. Aliwahi kumjua kijana mwenye bidii aliyekuwa akiandika mazoezi marefu kupita kiasi, kwa kuwa alijipima kwa idadi ya mistari. Walimshauri mara nyingi, wasifanikiwe. Walipombadilishia kibao, ugonjwa ukaisha. Napenda mno mwalimu anayeweza kuona kwamba kosa la mwanafunzi liko kwenye upana wa ubao.

Na mahali pa kuandikia? Wapo waliosifu misitu, vijito na ndege. Quintilian anasema yanayopendeza macho yanamwondoa mtu kwenye kazi. Anataka chumba kilichofungwa, usiku, na taa moja. Hataki mtu amsomee mtumwa imla. Penye mwandishi, msemaji huona haya kusitasita, akatoa neno bichi ili tu asionekane amekwama. Tena mambo mtu anayoyafanya akifikiri, kurusha mkono, kukunja uso, kujikemea, hayafanyiki mbele ya watu. Mwanzoni aandike polepole. Kuandika haraka hakumfundishi mtu kuandika vizuri, bali kuandika vizuri ndiko kunakomletea wepesi baadaye.

Lakini Quintilian anajua pia maradhi ya upande wa pili. Rafiki yake Julius Secundus, akiwa bado mwanafunzi, alikutwa na ami yake ameinamisha kichwa. Ilikuwa siku ya tatu anatafuta utangulizi wa mada aliyopewa, haupati, na anaanza kukata tamaa hata na siku zijazo. Ami huyo, Julius Florus, msemaji mkuu wa Gaul, akatabasamu akamuuliza kama anataka kusema vizuri kuliko anavyoweza. Quintilian anasema jibu lenyewe limo humo: tujitahidi kusema vizuri kadiri tunavyoweza, na tuseme.

Kazi iliyo ndogo kuliko zote inakuja sentensi zikishakaa, nayo ni ya sikio. Ushairi wetu huhesabu mizani, silabi kwa silabi. Kilatini kina jambo jingine: silabi ni ndefu au fupi, na walumbi walizipanga mwishoni mwa sentensi ya kawaida, isiyo shairi, kama mpigaji anavyochagua mapigo ya mwisho ya ngoma. Cicero alipenda kumalizia na ndefu, fupi, ndefu, kisha ndefu nyingine na moja ya kufungia. Anasimulia kwamba alikuwepo kwenye mkutano wakati msemaji Carbo alipofunga sentensi yake kwa mapigo ya aina nyingine, ndefu-fupi, ndefu-fupi, na watu wakapiga kelele za kustaajabia. Cicero akafanya jaribio. Aliyachukua yale maneno matatu ya mwisho na kuyabadilisha nafasi tu. Hakuna neno lililopungua wala lililoongezwa, maana ikabaki ileile, na utamu wote ukatoweka. Watu waliopiga kelele walikuwa umati wa mkutanoni, na wengi wao huenda hawakujua jina la mapigo hayo. Sikio lilijua.

Baada ya hapo kibao kinafungwa na kuwekwa kando, ili mwandishi atakaporudi akutane na kazi yake kama ya mtu mwingine. Arekebishe, lakini pawe na mwisho. Kuna wanaorudi kwa kila waliloandika kana kwamba lina kasoro, na hawaachi kukata mpaka kitu kinabaki makovu matupu. Tupa ni ya kung'arisha chuma, Quintilian anaonya, isitumike kukimaliza.

Kazi hii inataka uvumilivu, na Quintilian alikuwa na haki ya kuuzungumzia. Anapofika kitabu cha sita anaweka kando masomo na kusema yaliyompata. Mkewe alikufa kabla hajatimiza miaka 19. Mtoto wao mdogo akafuata akiwa na miaka mitano. Sasa na yule mkubwa, wa miaka tisa hivi, ambaye baba alikuwa amemkusudia kazi hii yote iwe urithi wake, amekufa. Anaomboleza kwa kurasa kadhaa, bila kujificha. Kisha anaendelea na mada iliyofuata, namna ya kufunga hotuba, na hapo anafundisha jinsi ya kuamsha huzuni ya waamuzi. Sijawahi kuisoma sehemu hiyo bila kusimama kidogo.

Inabaki kuitia hotuba kichwani. Warumi walisimulia kwamba njia ya kukumbuka iligunduliwa na mshairi wa Kigiriki, Simonides. Aliitwa nje ya karamu, na nyuma yake paa likaanguka, likawaponda wote wasitambulike. Yeye akawatambua kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa amekaa wapi. Kitabu kiitwacho Rhetorica ad Herennium, cha karne ya 1 K.K., kinaifanya njia hiyo kuwa zana. Chagua jengo unalolijua. Weka vituo ndani yake, visiwe na mwanga mkali wala giza, viachane kama futi 30. Kila kituo cha tano kipe alama, mkono wa dhahabu kwa mfano. Kisha katika kila kituo weka picha ya ajabu. Kesi ni ya mtu kumpa mwenzake sumu ili apate urithi? Mwone marehemu kitandani, mgonjwa. Kando yake amesimama mshtakiwa, kikombe mkono wa kuume, vibao mkono wa kushoto, na kwenye kidole cha nne amening'iniza korodani za kondoo dume. Kikombe ni sumu, vibao ni wasia, na korodani ni mashahidi, kwa sababu Kilatini kinaviita vyote viwili kwa neno moja. Picha ya aibu haisahauliki, ndiyo maana ikachaguliwa.

Nilijaribu njia hiyo kwa nyumba ya bibi: barazani, sebuleni, kwenye mtungi wa maji, uani. Kwa orodha ya mambo ilinifaa mno. Kwa maneno yenyewe ilinielemea, na nilifurahi kuona kwamba Quintilian naye anaitilia shaka hapo. Ushauri wake ni wa kawaida na ni bora. Jifunze hotuba kwa kibao kilekile ulichoiandikia. Jicho la ndani litaona ukurasa, mstari, hata pale ulipofuta na kupachika. Usome kwa sauti ya chini, ili sikio lisaidie. Halafu lala. Usiku mmoja ukipita katikati, anasema, kumbukumbu inakaza kwa namna ya kustaajabisha, na kilichokataa jana kinakuja chenyewe kesho yake.

Asubuhi imefika. Mwili nao umefundishwa. Cicero alijifunza kwa waigizaji, Roscius wa vichekesho na Aesopus wa tanzia, na inasemwa kwamba yeye na Roscius walikuwa wakishindana, jambo moja nani atalieleza kwa njia nyingi zaidi, mmoja kwa ishara, mwingine kwa maneno. Kabla ya hapo, akiwa kijana, alikuwa akisema kwa nguvu zote bila kupumzika, mpaka watu wakahofia maisha yake. Ndipo akaenda Ugiriki na Rhodes kwa miaka miwili, na Molon wa Rhodes akamfundisha kulizuia koo lake. Hilo si jambo dogo. Pliny, mwanafunzi wa Quintilian, alipomshtaki Marius Priscus, aliyekuwa gavana wa jimbo la Afrika, mbele ya Kaisari Trajan mwaka 100, alisema kwa muda wa karibu saa tano. Alipewa zamu 12 za saa ya maji, zile ndefu, akaongezewa nne, na Kaisari mwenyewe, akihofia kifua chake, alituma mtu mara kadhaa kumwambia asijichoshe.

Sasa anasimama. Quintilian amekwisha kulipima vazi lake: toga ishuke mbele hadi katikati ya muundi, na mkunjo ulale begani kwa sasa. Baadaye, hotuba ikipamba moto, mkunjo ukiteleza na nywele zikitimka hakuna ubaya, ila mwanzoni kila kitu kiwe mahali pake. Kidole cha kati kitagusa gumba, vitatu vingine vitanyooka, na mkono utasogea taratibu mbele, usipande juu ya macho wala kushuka chini ya kifua. Lakini bado. Kwanza aachie kimya kidogo. Wakili anapapasa kichwa. Anautazama mkono wake, anavinyonga vidole, anapumua kama mtu ambaye neno la kwanza halijamjia. Waamuzi wanainama mbele kumsikiliza. Neno lenyewe liko nyumbani, kando ya taa iliyozimika, juu ya nta iliyosawazishwa na kuandikwa, ikasawazishwa tena.